Maji Mekundu ya Gatongora

Mama Wairimu alizikwa Alhamisi iliyopita kule Ngoliba. Nilikuwa na karibu miaka ishirini ya kumwambia jambo moja, jambo la dakika mbili tu, na sikumwambia. Wairimu, binti yake, ndiye aliyenipigia simu. Nilikuwa kazini, naandika matokeo ya maji ya kisima cha watu fulani, aliposema mama ametuacha, na nikamjibu "pole sana" kwa sauti ile ile ninayowajibia wateja. Kisha nikakata simu, nikaenda chooni, nikafungua bomba hadi mwisho ili nilie bila kusikika. Mwanamke mzima, nywele zimeanza kunigeuka mvi, nalia juu ya sinki la ofisi kwa ajili ya mtu ambaye si mama yangu wala si shangazi yangu. Lakini kuna mwaka mmoja katika maisha yangu ambao nikiukumbuka natamani kurudi kwa miguu, na mwaka huo niliuishi ndani ya banda lake.

Habari za nilikozaliwa na nani alinizaa nitaziruka. Nimetoka Bungoma, naitwa Nafula, inatosha. Mwaka ninaousema nilikuwa mwaka wa nne chuoni, nakaa Kahawa Wendani kwenye bedsita ya orofa ya tatu pamoja na msichana mmoja anayeitwa Akinyi. Chumba chenyewe kilikuwa vitanda viwili, pazia la maua, na nyuma ya pazia meko ya gesi, ndoo za maji na viatu vyetu vyote. Ukikaanga kitunguu Jumatatu, sweta yako inanukia kitunguu mpaka Ijumaa. Chini ya kitanda changu nilikuwa na mitungi miwili ya plastiki yenye tope. Ndiyo, tope. Mradi wangu wa kumalizia shahada ulikuwa wa bakteria, wale wanaokaa kwenye matope ya mitaro na hawapendi hewa. Ukiwafungia mahali pasipo na hewa, ukawapa maji yenye rangi ya kutia nguo pamoja na wanga kidogo wa kula, wanaivunjavunja ile rangi mpaka maji yanabaki bila rangi, na wakiwa katika kazi hiyo wanaachilia umeme. Si umeme wa kuchemshia chai, jamani. Ni kidogo sana, unashikwa na vijiti vya kaboni, unapita kwenye waya na kwenda kwenye mtungi wa pili wenye maji ya chumvi na hewa. Usiku na mchana mitungi ilinuka kama choo cha shule. Akinyi alivumilia wiki mbili, halafu akaniambia nichague, yeye au tope.

Mhadhiri wangu, mzee mpole aliyekuwa akitembea na chaki mfukoni hata siku za likizo, alikuwa amenikataza kutumia rangi niliyokoroga mwenyewe. Alitaka maji ya mtu anayeishi kwa rangi. Basi Jumamosi moja nikaenda Ruiru, nikaingia Gatongora, na katikati ya nyumba za kupangisha nikaona mtaro unapitisha maji mekundu. Nikaufuata. Ulinipandisha nyuma ya vioski, nyuma ya kanisa la mabati, mpaka kwenye banda moja lenye moshi. Ndani palikuwa na mapipa matatu juu ya moto, katani inachemka kwenye rangi. Nje wanawake wanne walikuwa wameketi kwenye magunia, sketi zimepandishwa, wanasokota nyuzi za katani juu ya mapaja yaliyopakwa jivu, kwa ajili ya kusuka vyondo, vile vikapu vya kubeba begani. Aliyekuwa anakoroga pipa kwa mti alikuwa mwanamke mfupi, mnene kiasi, mikono yake myekundu mpaka kwenye viwiko. Aliniangalia viatu kwanza, ndipo akapanda juu mpaka usoni. Akaniuliza kama mimi ni wa mazingira. Nikasema mimi ni mwanafunzi tu, natafuta maji machafu. Akacheka, akaita wenzake waje wasikie.

"Hiyo tuko nayo mingi," akasema. "Kuja kwanza ukunywe chai."

Kumbe wiki hiyo hiyo afisa wa mazingira alikuwa amefika hapo. Majirani walikuwa wamechoka: watoto wao wanarudi nyumbani na nyayo nyekundu, na mtaro ule mwisho wake ni mtoni. Afisa alimpa Mama Wairimu mpaka mwisho wa mwaka. Ama maji yatoke masafi, ama moto uzimwe na banda lifungwe. Aliniambia hayo yote kabla kikombe changu hakijafika nusu, bila kulalamika, kama mtu anayekueleza njia. Banda lile ndilo lililomsomesha Wairimu, aliyekuwa bweni huko Murang'a, na wale wanawake wanne hawakuwa na shughuli nyingine. Nilipomweleza kuhusu bakteria alisikiliza kwa makini, mti wa kukorogea umetulia mkononi. Alitaka kujua mambo mawili tu, wanakula nini, na kama wanauma. Nikamwambia hawaumi. Jumatatu iliyofuata mitungi yangu ilihama kutoka Wendani, na Akinyi akafungua madirisha yote.

Tope la kuanzia tulilitafuta Thika. Mhadhiri alisema bakteria waliozoea rangi wanapatikana mahali ambapo rangi imemwagwa miaka mingi, na nyuma ya kiwanda kimoja cha nguo palikuwa na mtaro wa zamani, mweusi, haujasafishwa tangu enzi za babu. Mama Wairimu alikataa niende peke yangu. Alivaa kitambaa chake cha kanisani na viatu vya kufunga, akabeba ndoo mbili zenye vifuniko, na tulipofika langoni akamweleza mlinzi kwamba tumekuja kuomba tope. Yule mlinzi alituangalia sana. Akauliza kama ni la uganga. Mama Wairimu akamwambia huyu msichana anataka kutengeneza stima, na kwa vile alivyosema bila kupepesa macho, mlinzi akaona afadhali afungue. Tulichota tope tumezama mpaka mapajani. Tukiwa njiani kurudi alinunua nanasi, akalimenya akiwa amesimama, akanipa kipande cha katikati kilicho kitamu, mikono yetu sote wawili ikinuka mtaro. Nimekula chakula kwenye hoteli za watu wazito tangu siku ile, na bado naweza kukuonyesha mahali pale tuliposimama.

Tuliunganisha mitungi sita ya tope, kila mmoja na mwenzake wa maji ya chumvi. Vijiti vya kaboni nilivitoa ndani ya betri kuukuu za redio, fundi wa redio wa pale Gatongora aliniwekea gunia zima. Kila baada ya siku tatu tulimwaga maji yaliyokwisha na kutia mengine kutoka kwenye pipa, na chakula chao kilikuwa uji. Hilo lilikuwa wazo la Mama Wairimu. Mimi nilikuwa nimeandika sukari ya maabara kwenye karatasi zangu, naye akasema mtu anayefanya kazi ngumu hali sukari. Aliwaita tugunyu, yaani vidudu vidogo kwa Kikuyu, na asubuhi alikuwa anawapa pole na kazi kama anavyowapa wale wanawake wanne. Kwa wiki tano hakuna kilichotokea. Mita yangu ilikuwa inasoma kitu kidogo cha kutia aibu na maji yalikuwa mekundu vilevile, na mimi nikataka kumwaga kila kitu nianze upya na mitungi iliyooshwa vizuri. Akanishika mkono. Akanipeleka kwenye kona aliyokuwa akiweka kibuyu cha uji wa mukiyo, ule uji mchachu, akanifungulia ninuse. Akaniuliza naona kimeoshwa? Kibuyu cha mukiyo hakioshwi kikaisha, akasema, unaacha ule utelezi wa ndani, kwa sababu utelezi ndio unaojua kazi. Ukiosha kwa sabuni utakunywa maji na unga. Mhadhiri alinifundisha jambo hilo hilo kwa mihadhara miwili na michoro, kwamba utando unaoota juu ya kaboni ndio kazi yote, na sikulielewa mpaka niliponusa kile kibuyu.

Wiki ya saba maji yalianza kupauka. Yalitoka mekundu yakawa rangi ya chai ya maziwa, halafu kama maji ya mchele, halafu siku moja niliweka gazeti nyuma ya chupa nikasoma habari za mpira. Tukiunga mitungi yote sita pamoja, tuliweza kuwasha kitaa kimoja kidogo, kile cha ukubwa wa punje ya hindi. Kwa vile ilikuwa mchana na mwanga wa nje ulikuwa mkali, Mama Wairimu alichukua shuka, akatufunika vichwa sisi wawili pamoja na kile kitaa. Tulikaa humo ndani kichwa kwa kichwa, tunapumuliana, tunatazama. Alinuka moshi na mafuta ya kupaka. Halafu akaniambia sasa banda halitafungwa. Mungu wangu, vile ninavyolitamani giza lile la chini ya shuka. Mchana niliishi kwake zaidi ya darasani. Siku za Jumamosi nilimpikia omena, wale dagaa wa ziwani, na mara ya kwanza alikaa na sahani mapajani bila kugusa, akaniambia, kwa R yake ya Kikuyu, "Nafura, hii samaki inaniangalia." Alikula lakini. Mwishoni alikuwa ananiuliza kama nimekuja nazo. Naye alinipikia mukimo wa viazi na mahindi, akanipangia kiti changu karibu na mlango kwa sababu moshi ulikuwa unaniliza, na Kikuyu nilichojua chote nilikijulia kwenye kiti hicho.

Hicho Kikuyu ndicho kilichoniponza. Mwisho wa mwaka ulifika na afisa akapanga kuja Jumatatu. Utaratibu ulikuwa hivi: Jumatatu yeye mwenyewe atajaza mitungi kwa maji kutoka kwenye pipa, afunge vifuniko kwa utepe na kuweka sahihi, na Alhamisi arudi kuona kama maji yamesafika. Mhadhiri angekuja, na mkuu wa idara. Jumapili mchana Mama Wairimu alikuwa kanisani, mimi niko bandani nafagia. Wawili kati ya wale wasusi walirudi mapema wakaketi nje, upande wa pili wa mabati. Mmoja tulimwita Nyina wa Kamau, yaani Mama Kamau. Hawakujua niko ndani. Walisema kesho watu wakubwa watafika wapigwe na harufu ya choo. Walisema Mama Wairimu ataaibika mbele ya wageni kwa sababu ya kasichana ka Kiluhya kanakoleta uchafu ndani ya boma la mtu, na kwamba kwao labda wamezoea. Hawakusema kwa ubaya mkubwa, walikuwa wanasema kama watu wanaongoja ugali uive. Nilisimama na ufagio mkononi, masikio yanawaka moto.

Sasa sikiliza mtu msomi alichofanya. Kwetu mgeni akija hakuti uchafu, na hata huko Gatongora ni hivyo, watu huazima hadi vikombe. Wageni wanakuja kesho na mitungi imevaa utelezi wa kijivu. Walipoondoka wale wanawake, niliifungua yote sita. Nilitoa vijiti vya kaboni kimoja kimoja, nikavisugua kwa brashi na sabuni ya unga mpaka vikarudi vyeusi vinang'aa. Nikasugua na mitungi ndani. Nikasuuza mara tatu. Harufu ikaisha kabisa. Nilijua ninachofanya? Nilijua. Hapo ndipo penye uchungu. Nilikuwa nimeandika kurasa arobaini juu ya ule utando. Nilijidanganya kwamba kulikuwa na tope kidogo limebaki chini ya ndoo, nikilirudisha watakuwa wameshikamana tena kufikia Alhamisi, kana kwamba bakteria wangenionea huruma kwa kuwa nimetukanwa. Mama Wairimu aliporudi kutoka kanisani alisimama mlangoni, akasifu banda lilivyo safi. Mitungi hakuigusa.

Jumatatu asubuhi alikuja na sufuria ya uji. Alisema wafanyakazi hawatumwi na njaa siku ya wageni, akaupa kila mtungi kikombe kimoja. Mvuke ulikuwa unatoka kidogo. Nataka hili lieleweke vizuri: nilitia kidole changu mwenyewe kwenye ile sufuria. Uji ulikuwa wa vuguvugu. Ungeweza kumpa mtoto mchanga. Kisha afisa akafika, kijana wa shati jeupe na adabu nyingi, akajaza maji, akafunga, akaweka sahihi. Mkuu wa idara akasema hata hainuki. Nikatabasamu, fikiria. Jumanne mita haikusoma kitu. Jumatano haikusoma kitu. Nilikaa mbele ya ile mitungi kama mtu anayemwangalia mgonjwa, na Mama Wairimu akawa ananiletea chai na kuniambia wamechoka tu, waache walale.

Alhamisi maji yalikuwa mekundu kama yalivyotoka kwenye pipa. Kitaa hakikuwaka. Tulikuwa wengi humo bandani, afisa, mhadhiri, mkuu wa idara, wale wanawake wanne wamesimama nyuma wamekunja mikono. Mhadhiri aliniita jina kwa upole akaniuliza kumetokea nini. Nilifungua mdomo. Naapa nilifungua mdomo niseme. Lakini Mama Wairimu akatangulia.

"Ni mimi," akasema. "Niliwapatia uji ya moto. Niliwachoma."

Mhadhiri hakumwangalia yeye, aliniangalia mimi. Alikuwa ananijua, na alikuwa anajua utando haufi kwa kikombe kimoja cha uji. Akaniuliza kama ni kweli. Palikuwa na sekunde kama tatu hivi. Katika sekunde hizo niliona mahafali, nikaona kila mtu darasani akisimulia habari za mwanafunzi wa mwaka wa nne aliyewaosha bakteria wake kwa sabuni ya unga.

"Nafikiri uji ulikuwa moto kidogo," nikasema.

Afisa aliandika. Halafu akafunga daftari lake akazungumza na Mama Wairimu kwa heshima sana, akimwita mama. Alisema kama kosa lingekuwa la mwanafunzi, katika kufunga mitungi au kuosha, angeongeza mwezi mmoja wajaribu tena, kwa sababu alikuwa ameona kwa macho yake maji yakisafika mwezi uliopita. Lakini kama kikombe cha uji kinaweza kuvuruga kila kitu, basi mitungi hii haiwezi kuachwa mahali ambapo uji upo kila siku. Alisema samahani. Alisema wazime moto siku hiyo hiyo. Ningeweza kusema bado. Afisa alikuwa bado hajatoka mlangoni, alikuwa anainama kufunga kamba za viatu, na mlango wenyewe ulikuwa hatua nne kutoka nilipokuwa. Mama Wairimu alimwaga maji kwenye moto wa pipa la kwanza, la pili, la tatu, akafunikwa na mvuke. Halafu akaja akanishika bega akaniambia, "Pole, maitu. Nimekuharibia kazi." Maitu ni mama. Ndivyo alivyokuwa akiniita akiwa na huruma na mimi.

Nilipata alama nzuri. Hiyo ndiyo sehemu inayonichefua mpaka leo. Niliandika kwamba matokeo ya mwisho yaliathiriwa na joto, mstari mmoja tu, mhadhiri akaweka tiki bila neno. Wale wanawake wanne walitawanyika, mmoja akaenda kufua nguo za watu huko Kahawa Wendani, Nyina wa Kamau akauza mboga. Mama Wairimu alirudi kwenye shamba lao Ngoliba, kule chini kwenye ukame, akapanda mbaazi na ndengu, akaendelea kusuka vyondo vyeupe visivyo na rangi. Wasemao njia ya mwongo ni fupi hawajaipita yangu. Kila Krismasi nilimpigia simu nikiwa nimejiapiza kwamba mwaka huu namwambia, na kila Krismasi aliniuliza kama nimepata mchumba, kisha kama nimepata mtoto, kisha mtoto anasoma wapi, na akiba yangu ya ujasiri ikaisha kwenye salamu. Mara moja nilienda kumwona, nimebeba sukari na mkate. Aliwaita majirani, akanionyesha kwao, akasema huyu ndiye yule msichana niliyemchomea tugunyu twake. Walicheka, naye alicheka huku amenishika mkono, na mimi nikacheka nao. Nilipoondoka alinisindikiza hadi barabarani, akaniambia bado anaota maji yale yakisafika. Na mimi pia nilikuwa naota, mama. Nilikuwa naota mikono yako myekundu.

Siku ya mazishi jua lilikuwa kali kama kawaida ya Ngoliba. Hema mbili, kipaza sauti kinachokoroma, wanawake wa kanisa na vitambaa vyao vya kichwa. Wairimu alisoma wasifu wa mama yake, na pale katikati akasoma kwamba marehemu aliwahi kuwa na banda la rangi huko Ruiru, "likafungwa kwa kosa lake mwenyewe, na hakuficha." Watu wakatikisa vichwa kwa kukubali, maana mtu anayekiri kosa lake husifiwa. Nilikuwa safu ya tano. Nilijikuna mkono mpaka ukatoka damu.

Baada ya kuzika nilimfuata Wairimu jikoni, ambako alikuwa anapakua chakula cha wageni waliochelewa. Ni mwanamke wa makamo sasa, mfupi kama mama yake. Wanawake wazee watatu walikuwa wameketi kwenye benchi ukutani wanakula, na mmoja wao nilimtambua ingawa ameishiwa na meno, Nyina wa Kamau. Wairimu alinipa sahani, akaanza kunieleza jinsi mama alivyokuwa akinitaja. Akaniambia kitu nisichokijua. Alisema tangu mwaka ule mama yake hakumpa mtu uji wa moto tena. Wajukuu walilia kwa njaa asubuhi, yeye bado anaumimina kutoka kikombe hadi kikombe, kutoka kikombe hadi kikombe, mpaka unakuwa baridi kabisa, na ukimuuliza anakwambia aliwahi kuchoma wafanyakazi wake wote siku moja kwa haraka. Wairimu alilisema hilo akitabasamu, kama watu wanavyotabasamu wakikumbuka vituko vya mtu wao.

Nikaweka sahani chini. Nikamwambia yote, palepale karibu na sufuria ya wali. Brashi, sabuni ya unga, kidole changu kwenye uji, nilichojibu nilipoulizwa. Sikulia, sikustahili. Nilipomaliza alikuwa bado ameshika upawa, wali unapoa juu yake. Nilingoja anitukane, na ingekuwa nafuu.

"Namba yake ya simu ulikuwa nayo?" akaniuliza.

"Nilikuwa nayo."

"Hata mwaka huu?"

"Hata mwaka huu."

Akaweka upawa kwenye sufuria, akajipangusa mikono kwa kitambaa, kidole kwa kidole. Kisha akageukia wale wanawake kwenye benchi, akawaambia waache kula kidogo kuna jambo wataambiwa. Akaniambia mimi, "Waambie na hawa. Uwaambie kwa Kikuyu, hao wawili hawasikii Kiswahili vizuri." Nikasimama mbele yao. Kikuyu changu kimechakaa, kina mashimo kila mahali, lakini kile nilichokihitaji siku hiyo nilikuwa nimekipata kwenye banda lile lile. Nikaanza tena tangu Jumapili ile. Sikusema aliyoyasema Nyina wa Kamau na mwenzake nyuma ya mabati, kwa sababu si wao walioshika brashi. Ilinichukua muda mrefu. Wairimu alisimama pembeni yangu akihakikisha siruki kitu.

Nilipofika mwisho Nyina wa Kamau alikuwa anatafuna kitu ambacho hakikuwapo mdomoni. Halafu akauliza kama Nyina wa Wairimu aliambiwa haya kabla hajafa.

Nikamjibu hakuambiwa.